Ubaridi wa Tangi la Tatu

Maiti ya Onésime Fournier ilikuwa imeondolewa tangu jana yake, lakini hakuna aliyekanyaga mahali ilipolala. Asubuhi ile ya Alhamisi, Inspekta Hilaire Roduit alipazunguka kwa hatua tatu, na jirani wa marehemu, Placide Bruchez, akapazunguka vilevile, kila mmoja akijifanya hakumwona mwenzake.

Ghala lilichimbwa ndani ya mwamba, chini ya nyumba. Kutoka uani mtu alishuka vidato kumi vya mawe, akasukuma mlango mzito wa mbao, kisha akashuka vidato viwili vingine hadi sakafuni. Upande wa pili, usawa wa sakafu, palikuwa na kilango cha hewa kinachotokea kwenye mteremko wa mizabibu. Zaidi ya hapo hakuna kitu kilichoweza kuingia wala kutoka mle, iwe mtu, iwe pumzi.

"Shusha mshumaa, bwana," Placide alisema. "Hukuja kumulika picha za watakatifu."

Roduit alikuwa mtu wa bondeni, mwana wa wakulima wa aprikoti. Aliushusha mshumaa hadi usawa wa magoti. Mwali ulisimama wima.

"Ukizimika?"

"Ukizimika unageuka, unapanda, na huulizi kwa nini. Mvinyo ukichemka hutema hewa nzito. Haina rangi, haina harufu, wala haina adabu ya kubisha hodi. Hutambaa chini kama maji na kutafuta pa kutokea. Pa kutokea ni pale." Alielekeza kidevu kwenye kilango kilichoachwa wazi, ambamo ukanda wa jua la Oktoba ulikuwa umelala sakafuni. "Kikifungwa kile, hili si ghala tena, ni beseni. Anayeinama ndani yake kufungua koki hainuki."

Onésime aliinama Jumatatu, yapata saa moja asubuhi; ndivyo alivyoandika daktari. Aliishi peke yake. Binti yake, Séverine, alipiga simu siku mbili kutoka Lausanne bila kujibiwa, akapanda treni, na Jumatano saa tatu akamwona baba yake kwa mwanga wa tochi kutoka mlangoni. Akamwita Placide. Placide alizunguka hadi mteremkoni, akakikuta kilango kimefungwa kwa nje kwa komeo la chuma, akakifungua, akangoja saa nzima, ndipo akaingia.

Hakimu mpelelezi kule Sion alikuwa na maelezo yake tayari. Usiku wa Jumapili kulikuwa na baridi kali. Mzee alikifunga kilango mwenyewe kuzuia baridi, asubuhi akasahau. Yalikuwa maelezo mazuri, kwa maana hayakuhitaji karatasi nyingine. Alimpa Roduit hadi Ijumaa ayapinge.

Roduit alikuwa amerudi ghalani kwa sababu ya namba tatu. Konstebo Emonet, mtu wa mwandiko safi na udadisi mdogo, alikuwa ameandika Jumatano adhuhuri kila alichokiona: matangi matatu ya chuma, kila moja na kipimajoto chake. La kwanza, nyuzi ishirini na saba. La pili, ishirini na sita. La tatu, kumi na sita.

Inspekta aliweka kiganja juu ya tangi la kwanza. Lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe, na ndani yake kitu kilinguruma polepole. La pili vivyo hivyo. Aliweka kiganja juu ya la tatu na kukiacha hapo muda mrefu.

"Bwana Bruchez, ni kawaida mvinyo kupata joto ukichemka?"

"Kama mtoto mwenye surua. Usipoupoza unajipika, na ukishajipika unaishia kuwa wa kuoshea vyombo." Placide alionyesha mabomba yaliyozunguka shingo za matangi, yenye vitundu vidogo. "Maji ya mfereji wa mlimani. Unafungua koki, yanateremka juu ya chuma nusu saa, unafunga. Mara tatu kwa siku. Ukizidisha, chachu inalala na haiamki tena. Kazi hii haina Jumapili."

"Tangu Jumatatu asubuhi, nani aliyefungua maji?"

"Nani afungue? Mwenyewe alikuwa amelala hapo."

Roduit alichota gilasi kutoka koki ya kuonjea ya tangi la kwanza, ile iliyo usawa wa kiuno, akampa. Placide aliuzungusha kinywani na kuutema papo hapo.

"Umekwisha. Maskini Onésime. Mbwa wangu angenishtaki."

Roduit alisuuza gilasi, akachota kutoka tangi la tatu. Mvinyo ulikuwa bado na ukungu wa uchanga, rangi ya majani makavu. Placide aliunywa tayari akiwa amekunja uso, kisha uso ukakunjuka wenyewe. Akanywa tena. Akaliendea tangi, akalishika kwa mikono miwili kama anayemshika mtu mabega.

"Nani aliupoza huu?"

Roduit alitoa daftari lake na kuandika.

"Nakuuliza, bwana! Huu ni mkali kama wembe, safi, chumvi iko palepale mwishoni. Huu haukuachwa siku mbili. Kuna mtu aliye..." Aliacha. Macho yake yalishuka polepole hadi pale mahali sakafuni, akafanya ishara ya msalaba. "Mungu wangu. Aliupoza huku Onésime amelala hapa."

"Jumanne," Roduit alisema. "Zaidi ya mara moja. Alikifungua kilango, akangoja hewa itoke, akaingia, akafungua maji, na kukaa nusu saa na marehemu. Kisha akafunga maji, akatoka, akalirudisha komeo. Ajali haina mazoea ya kurudi kufunga komeo." Alilifunga daftari lake. "Kwa nini la tatu tu?"

"Hayo mawili ni Fendant. Mvinyo wa kiu, upo kila nyumba. La tatu ni Arvine ya tuta la juu, kule mteremko unakosimama kama ukuta. Kule tunavuna tumejifunga kamba, na kapu linashushwa kwa waya. Hutoka pipa moja mwaka mbaya, matatu mwaka mwema. Mwaka huu ndio mwema. Hata mimi, bwana. Ningeingia nikakuta vile, sijui mkono wangu ungefanya nini."

Roduit alilisikia neno hilo na kulihifadhi. Alikwisha kujua kwamba Placide alitaka kulinunua tuta lile mara mbili na kukataliwa mara mbili. Mshangao ni kitu ambacho mtu hodari anaweza kukiigiza.

"Usimwambie mtu."

"Mimi? Mke wangu ameacha kuniambia siri miaka thelathini sasa, kwa sababu nazisema. Lakini hii nitaimeza."

Walitoka. Placide alikwenda zake kuvuna upande wa pili wa bonde, walikokuwa wanakijiji wote. Palepale uani Roduit alimtuma Emonet ateremke Sion na gari, achukue hati ya uchunguzi wa mauaji kwa hakimu na kurudi naye kesho asubuhi.

Adhuhuri Séverine Fournier alimwandalia mkate mweusi, jibini, na nyama kavu iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa hesabu, na alizungumza kama anayesahihisha madaftari.

"Baba aliahidi kuuza mteremko wote," alisema. "Kampuni moja ya majengo inataka kujenga nyumba za likizo. Alikuwa atie sahihi kwa mthibitishaji hati Jumanne."

"Na sasa?"

"Sasa ni wangu. Nimepiga simu. Nitatia sahihi kesho saa nane."

Roduit aliweka kisu chini. "Umemwambia nani?"

"Kijiji kizima kinajua. Nilimwambia baba mdogo jana jioni, kwa heshima tu. Yeye ndiye anayelima tuta la juu."

"Analilima, lakini si lake?"

"Fungu lake alimuuzia Baba ujanani, akaenda kujenga bwawa. Aliporudi akaomba kazi ya kuipogoa mizabibu aliyokuwa ameiuza. Amefanya miaka ishirini na sita. Kila ukuta wa mawe kule juu ameuinua yeye."

"Alipokea vipi habari hiyo?"

Séverine alifikiri. "Aliniuliza kama nitapeleka chupa kwa mthibitishaji. Ndiyo desturi, ardhi ikiuzwa hunywewa mvinyo wake. Nikasema nitashuka leo mchana nichote."

"Ulikuwa ushuke peke yako?"

"Mimi nimezaliwa juu ya ghala hilo, Bwana Inspekta."

"Baba yako pia." Roduit alisema bila kupandisha sauti. "Bi Fournier, nisikilize. Yeyote aliyemuua baba yako alitaka sahihi isitiwe. Kazi yake haikwisha. Imerudi mwanzo, nayo imekufikia wewe. Hushuki bila mimi."

Kwa mara ya kwanza mikono ya mwanamke yule ilitafuta mahali pa kukaa. Aliichukua sahani iliyokuwa bado ina chakula na kuiosha.

Théodule Fournier aliteremka kutoka tuta la juu saa nane, kamba bado kiunoni. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, wa miaka hamsini na saba. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya mawe aliyoyapanga. Alimbusu Séverine mara tatu mashavuni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, baba mdogo."

"Na polisi wetu wa aprikoti? Mkate wetu haukumvunja meno?"

"Meno yapo," Roduit alisema. "Nahitaji ulimi wako. Wataalamu watakuja kesho. Nataka fundi anionjee matangi ili nisiaibike mbele yao. Yameachwa bila mkono wa mtu tangu Jumatatu."

"Twende," Théodule alisema. Mlangoni aliutwaa mshumaa kutoka mkononi mwa Roduit. "Mgeni habebi mshumaa mwenyeji akiwapo."

Walishuka: Roduit mbele na tochi, Séverine nyuma yake na gilasi, Théodule wa mwisho. Ghalani mlikuwa na giza kuliko asubuhi. Ule ukanda wa jua haukuwapo sakafuni.

"Jua limeshahamia nyuma ya mlima," Théodule alisema kabla hajaulizwa. "Mteremko huu hulala mapema."

Roduit aliyakubali maneno hayo. Lilikuwa kosa, na baadaye aliliandika katika taarifa kwa mkono wake mwenyewe.

Théodule hakushuka vidato viwili vya mwisho. Alisimama kwenye kizingiti, mshumaa mbele ya kifua. "Magoti yangu yamemalizikia mlimani leo. Nileteeni hapa."

Roduit alichota kutoka tangi la kwanza, akampelekea. Théodule alionja, akatema kando. "Umepikwa."

Akachota kutoka la pili. "Huu pia. Aibu."

Akachota kutoka la tatu, akampa, na kumulika tochi pembeni, ili mwanga ufike usoni bila kumchoma macho. Théodule aliinua gilasi. Aliunusa mvinyo, akaunywa polepole, akaushikilia kinywani, akaumeza. Koo lilipanda na kushuka. Kilichopita usoni mwake hakikuwa mshangao. Kilikuwa karibu na faraja.

"Hii ndiyo Arvine," alisema. "Onésime alikuwa fundi, Mungu amrehemu."

Roduit alingoja. Alihesabu kimoyomoyo hadi kumi, kisha hadi ishirini. Mtu aliyeambiwa kwamba matangi matatu yameachwa pamoja, akakuta mawili yameharibika na la tatu safi kama maji ya theluji, ana swali moja tu duniani la kuuliza, na Placide alikuwa amelipiga kelele. Théodule alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono na kurudisha gilasi.

Kichwa cha Roduit kilikuwa kimeanza kugonga. Alidhani ni hesabu.

"Baba mdogo," Séverine alisema kutoka gizani, "mbona mshumaa umeushika juu kama wa kipaimara?"

"Kwa ajili yako, uone."

"Hapa hatumuliki nyuso. Nipe." Alipanda kidato, akauchukua mkononi mwake, akashuka, akauinamisha kama alivyofunzwa tangu utotoni.

Mwali ulipofika usawa wa goti ulilala, ukawa wa buluu, ukazimika. Hapakuwa na upepo.

"Simama!" Roduit alimshika mkono na kumvuta juu. Nyuma yao mlango ulifungwa kwa sauti nzito, bila kishindo, kama kifuniko cha sanduku lililotengenezwa vizuri. Komeo likapita.

Roduit aliurukia mlango kwa bega. Ulikuwa na unene wa vidole vinne, na ulifungukia ndani.

"Théodule Fournier! Fungua!"

"Ungekuja kesho, bwana," sauti ilisema upande wa pili, bila hasira. "Leo haikuwa siku yako."

"Ulikifunga kilango saa ngapi?"

"Placide alipotoka. Sikukifunga kwa ajili yako."

"Baba mdogo!" Séverine alipiga mlango kwa viganja. "Ni mimi! Ni mimi Séverine!"

"Najua ni wewe, mwanangu. Nilimsihi baba yako miezi mitatu. Nikakusihi wewe jana, hukusikia hata kwamba nakusihi. Wataweka bwawa la kuogelea pale juu. Mnielewe. La kuogelea."

"Konstebo wangu anarudi," Roduit alisema.

"Kesho asubuhi, na hakimu. Uliyasema uani; mawe yanapandisha sauti. Nitawafungulia mimi mwenyewe alfajiri, kilango kikiwa wazi. Watasema mtu wa bondeni hakujua kushusha mshumaa, na msichana akaingia kumwokoa. Hutokea. Mwaka jana ilitokea ng'ambo ya pili."

Maelezo mazuri, Roduit aliwaza, hakimu atayapenda.

Alimulika. Kilango kilikuwa mbele yao, hatua nane, na komeo lake lilikuwa nje. Kukibomoa kungemtaka alale kifudifudi ndani ya kitu kilichokwisha kumzima baba mtu. Kupiga kelele hakukufaa, kwani kijiji kizima kilikuwa ng'ambo ya bonde. Kando ya tangi la tatu palikuwa na pipa kuukuu la mbao, tupu, lenye kimo cha mtu. Alimpandisha Séverine juu yake, akapanda naye. Vichwa vyao viligusa mwamba.

"Inapanda kasi gani?"

"Mvinyo ukichemka hivi?" Mwalimu wa hesabu alihesabu kwa vidole. "Imefika gotini kwa saa nne. Giza likiingia itakuwa kiunoni kwa aliyesimama chini. Hapa juu... kabla ya alfajiri. Kabla kidogo." Aligeuka akamshika koti. "Kichwa changu kinapigapiga. Inachanganyika, unaona? Haikai chini yote. Tunaivuta sasa hivi."

Matangi yalinguruma chini yao, yakitema bila haraka. Nje ya mlango hatua zilianza kupanda. Kidato cha kwanza. Cha pili.

Roduit alilitazama tangi la tatu. Chini yake, usawa wa kifundo cha mguu, palikuwa na koki kubwa ya kumwagia, yenye gurudumu la shaba.

"Lina lita ngapi?"

"Elfu nne. Kwa nini?" Akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Hapana. Ukiumwaga utatema mara kumi! Tutakufa kwa dakika, si kwa saa!"

"Najua."

Kidato cha tatu. Cha nne.

Alijaza kifua pumzi mara tatu, akaizuia ya nne, akaruka. Maji aliyosuuzia gilasi asubuhi yalikuwa bado sakafuni; aliteleza, akapiga goti, akainama. Hakukuwa na tofauti yoyote ya hewa usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: palikuwa pa kawaida kabisa. Gurudumu halikusogea. Akalishika kwa mikono miwili. Masikio yalianza kuvuma. Kidato cha tano. Akaliegemea kwa uzito wake wote. Likalia, likazunguka robo, nusu, na mvinyo ukatoka kwa nguvu ya lita elfu nne, ukampiga kifuani, baridi, ukafoka juu ya mawe kwa sauti iliyojaza ghala zima.

Alipanda juu ya pipa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Séverine alimvuta kwa ukosi. Hata yeye, aliyekuwa auze mteremko, alikuwa amefumba macho asiuone ule mvinyo.

"Théodule!" Roduit alipiga kelele kwa pumzi ya kwanza. "Unasikia? Ni la tatu!"

Hatua zilisimama.

"Elfu nne! Sikiliza!"

Povu jeupe lilienea sakafuni, likafoka, na kila kipovu kilichopasuka kilitoa sehemu yake. Mwanga wa tochi ulianza kuzungukwa na duara. Roduit hakujua kama ni tochi au macho yake. Alihesabu. Alikuwa amefika saba.

"Funga!" Hatua zilikuwa zikishuka, mbili mbili. Ngumi zikagonga mlango. "Funga koki hiyo, mwehu we! Funga!"

"Njoo ufunge mwenyewe!"

"Funga, nakuambia! Hujui unachomwaga! Hujui, mtu wa aprikoti, hujui!"

"Hakuna mwingine mwaka huu!" Séverine alilia ghafla, kwa sauti ambayo Roduit hakuijua. "Unakwisha, baba mdogo! Unakwisha wote!"

Komeo lilipita. Mlango ukafunguka, na mwanga wa mchana ukaanguka vidatoni. Théodule hakuwatazama. Hakutazama mshumaa uliozimika wala hakushusha kitu chochote mbele yake. Mtu aliyeijua hewa ile kuliko kila mtu kijijini, aliyeitumia kama wengine wanavyotumia kisu, alipita katikati ya povu hadi kwenye tangi, akapiga magoti, akainama, akalishika gurudumu.

Roduit alikuwa amekwisha kumshusha Séverine na kumsukuma mlangoni. "Juu! Kilango! Kifungue kilango!"

Nyuma yake mvinyo ulipungua, ukawa uzi, ukakatika. Kisha kikasikika kitu laini kikilala ndani ya maji.

Alivuta pumzi kizingitini, akarudi. Alimshika mtu yule vifundo vya miguu, akavuta, hakuja. Vidole vya Théodule vilikuwa vimelikamata gurudumu, na ilimbidi Roduit avibandue kimoja kimoja, kichwa chake kikivuma kama mzinga wa nyuki. Koki ilikuwa imefungwa barabara, hadi mwisho wa uzi. Kutoka mteremkoni alisikia komeo likigongwa kwa jiwe, mara moja, mara mbili, kisha mwanga mwembamba ukapenya sakafuni, na povu likaanza kuufuata.

Hakukumbuka vidato kumi. Alikumbuka majani ya uani, baridi, na kwamba alitapika. Théodule alilala kando yake, midomo rangi ya zambarau. Roduit alimgeuza ubavu, akampiga mgongoni, akambana kifua kama alivyofunzwa, bila imani kubwa, hadi mtu yule alipokohoa na kuvuta pumzi iliyokwaruza kama msumeno. Inspekta akatoa pingu na kuifunga mikono ile yenye rangi ya mawe.

Séverine alikuja kutoka mteremkoni, jiwe bado mkononi, magoti yakivuja damu. Alisimama juu yao.

Macho ya Théodule yalifunguka, yakatangatanga, yakampata.

"Umebaki?" alinong'ona.

Mwanamke yule aliliweka jiwe chini kwa uangalifu.

"Umebaki, baba mdogo," alisema. "Nitashuka kuupoza mwenyewe. Wewe hutauonja."